Hitaji Namba Thelathini na Moja

Mliponiaga mlinipa keki na saa ya ukutani, mkaniomba niandike machache kuhusu kazi. Saa inakwenda dakika saba mbele na nimeiacha hivyo hivyo. Kuhusu kazi, sitaandika nilipanda cheo lini wala nilitumwa semina wapi, maana hayo yamo kwenye faili langu, na faili langu analo mtu wa utumishi. Nitaandika jinsi nilivyojifunza kulifuata hitaji kutoka mdomoni mwa mtu mpaka ndani ya programu, kisha kurudi nalo mpaka kwa mtu yule yule. Ninyi leo mna mfumo unaofanya kazi hiyo kwa kubofya. Najua pia kwamba mnabofya bila kusoma, kwa sababu meza yangu ilikuwa nyuma yenu.

Nilifika Morogoro nikiwa na cheti cha kompyuta, sanduku la bati na koti zito. Mama yangu kule Kilimanjaro alisikia kwamba Morogoro kuna milima, akajua kuna baridi. Koti lile sikulivaa hata siku moja. Shirika la umma lililoniajiri lilikuwa na kompyuta mbili kwenye chumba chenye kufuli mbili. Siku ya kwanza nilikatazwa kuzigusa. Siku ya pili nilipewa kitambaa nizipanguse vumbi, na hiyo ikahesabiwa kuwa mafunzo kazini.

Aliyenipa kitambaa ni Mzee Kondo, mkuu wa kitengo. Alikuwa mtu wa Bagamoyo, mwembamba, kalamu tatu mfukoni. Kabla ya kompyuta alikuwa karani wa stoo kwenye reli, na alipohamia kwenye kompyuta hakuona tofauti. Kwake programu ilikuwa stoo: hakiingii kitu bila hati, hakitoki kitu bila hati. Alikuwa na kauntabuku moja nene aliyoipiga mistari kwa rula, safu saba. Namba. Kilichosemwa. Aliyesema. Sababu yake. Mahali kilipo ndani ya programu. Kilivyojaribiwa. Na ya mwisho, sahihi ya aliyesema, akishaona kwa macho yake.

Mimi nilikuwa msichana wa haraka. Nilimwuliza kwa nini tuandike sababu, wakati mashine haisomi sababu.

"Mimi nitaondoka, Aika," alisema. "Na aliyeomba atakuwa hayupo. Utabaki wewe na mstari wa programu mnatazamana, hamjuani."

Nikamwuliza tena, na kama aliyesema anakaa mbali?

"Akikaa Matombo, juu milimani, unapanda Matombo."

Nilidhani anatania. Mzee Kondo alitania mara moja tu katika miaka niliyomfahamu, na ilikuwa kuhusu koti langu.

Kisha yakaja mambo ya soko huria. Shirika letu likatiwa kwenye orodha ya kuuzwa, na kila Ijumaa ubao wa matangazo ukabandikwa majina ya waliopunguzwa. Watu wazima walikuwa wakipita mbele ya ubao ule wakijifanya wanakwenda chooni. Jengo lenyewe siku hizi ni ghala la saruji, ukipita unaweza kuliona. Kitengo chetu cha kompyuta hakikuuzwa kwa kuwa hakuna aliyejua kinauzwaje, basi tukaazimwa kwa mradi mpya wa viungo. Zamani karafuu, pilipili manga na mdalasini wa milimani vilikuwa na mnunuzi mmoja. Sasa yeyote mwenye pikapu alikuwa mnunuzi. Mradi ukataka orodha ya mashamba yote na wenyewe, ili wanunuzi wajue wa kuzungumza naye ni nani, na orodha hiyo igongwe muhuri wa wilaya.

Tulipanda Matombo mimi na Mzee Kondo, tukazunguka siku tatu tukiuliza watu wanataka nini kiandikwe. Yeye aliandika, mimi nilimshikia mwavuli. Siku ya mwisho tulimkuta Bi Anastazia kibarazani kwake, ana kama miaka hamsini, ameketi juu ya mkeka anachambua karafuu, vikonyo upande huu, karafuu upande ule. Alitusikiliza bila kuacha kazi.

"Andikeni kwanza shamba ni la ukoo gani," alisema. "Lukolo. Ukoo wa mama. Hapo ndipo mtajua mwenyewe."

"Na mume?" Mzee Kondo akauliza.

"Mume amekuja kuoa. Anakaribishwa, analima, anakula. Shamba ni la kwetu."

Mzee Kondo akaandika: namba thelathini na moja. Akamsomea alichoandika, naye akamsahihisha neno moja. Mimi niliona kama wanapoteza muda. Kwetu kihamba, yaani shamba la ukoo, kinatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wenye akili timamu wanaofanya vinginevyo. Nasema hivi bila kujitetea, nasema jinsi nilivyokuwa.

Miezi miwili baadaye jina la Mzee Kondo lilikuwa ubaoni. Alilisoma, akafuta miwani, akalisoma tena, akaja kunikabidhi kauntabuku. "Usiifungie kabatini," akasema. Niliifungia kabatini siku ile ile, kwa kuwa nilikuwa nalia na sikutaka kuiona.

Nikabaki peke yangu na kazi ya kuandika programu. Fomu ya shamba ilikuwa na mistari ishirini na mitano, na skrini ya kompyuta zile ilibeba ishirini na minne. Ningeweza kutengeneza ukurasa wa pili. Lakini ilikuwa Ijumaa, na Mratibu wa mradi, mtu wa suti na saa kubwa, alikuwa akipitisha kichwa mlangoni kila baada ya nusu saa kuuliza kama tayari. Nikaangalia mstari wa kutoa. Ilibaki miwili: ukoo wa mama, na namba ya faksi ya mkulima. Faksi aliitaka Mratibu mwenyewe, kwa ajili ya wanunuzi wa nje. Matombo nzima hapakuwa na faksi. Nikaibakiza faksi, nikafuta ukoo.

Mzee Kondo alikuwa ameeleza pia kwamba mkuu wa kaya akiwa si wa ukoo wa shamba, programu isikubali kumwandika kama mwenye shamba, irudi kuuliza. Swali hilo lilipokosa ukoo wa kulinganisha likaanza kugoma, basi nikalifuta nalo. Programu ikatembea vizuri mno. Niliijaribu kwa wakulima kumi niliowabuni mwenyewe, wote wanaume, wote wameoa, wote wamerithi kwa baba zao. Haikukosea hata mmoja.

Zikabaki sahihi. Nilimwambia Mratibu kwamba utaratibu wetu ni kuwarudia waliosema. Akanitazama kama mtu aliyeombwa ndege. "Uzunguke milima yote hiyo kwa sahihi? Weka kwa niaba." Nikaitoa kauntabuku, nikatia "kwa niaba, A." mara thelathini na nane, nikibadilisha kalamu mara mbili ili ukurasa upendeze. Namba thelathini na moja niliitia sahihi kama nyingine, ingawa ilikuwa haimo kabisa ndani ya programu.

Orodha ikachapwa, ikagongwa muhuri, ikabandikwa ofisi ya kata. Mahali pa Bi Anastazia paliandikwa Leonsi, mumewe, ambaye daftari la kata lilikuwa bado linamtaja kuwa mkuu wa kaya. Huyo Leonsi alikuwa amehamia Turiani miaka minne nyuma, kwenye miwa, na huko ameanza nyumba nyingine. Habari ya orodha ikamfikia. Akapanda, akaomba nakala, akamwonyesha mnunuzi mmoja wa viungo aliyekuwa anatafuta kiwanja kando ya barabara ajenge ghala. Wakakubaliana siku hiyo hiyo.

Bi Anastazia alikuja ofisini Morogoro na nakala yake imekunjwa mara nne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karatasi hii imetoka hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Nani amemwandika Leonsi?"

Kabla sijajibu, Mratibu akatoka chumbani kwake na tabasamu la kupokea wageni. "Hiyo ni kompyuta imekosea, mama. Tutaishughulikia."

"Kompyuta ilimjuaje Leonsi aliyehama, ikaacha kunijua mimi niliyepo?"

"Mambo haya ni ya kitaalamu, mama yangu."

"Haya. Na yule mtu ataanza lini kukata mikarafuu, kitaalamu?"

Alichotaka kilikuwa kidogo. Baraza la kata lilimwambia haliwezi kumzuia mnunuzi mwenye karatasi ya muhuri, ila mradi ukiandika barua kwamba orodha ina kosa, watamzuia siku hiyo hiyo. Barua moja. Pale shambani palikuwa na mikarafuu kumi na moja aliyoipanda mama yake, na mnunuzi alishaitia alama za chokaa. Mratibu akamwahidi. Alipoondoka, akanigeukia mimi: "Tafuta kosa liko wapi. Likiwa la mkulima, naandika barua leo. Likiwa letu, tunasubiri kwanza wafadhili waje waondoke."

Nilitafuta asubuhi moja tu. Nikaanzia kwenye orodha iliyochapwa, nikarudi kwenye sehemu ya programu inayochapa, nikarudi kwenye fomu, na hapo nikakuta maneno niliyojiandikia mwenyewe: "mstari wa 25 umeondolewa, hautumiki. A." Nikafungua kabati. Kauntabuku, namba thelathini na moja, safu ya sababu, mwandiko wa Mzee Kondo: "Bila hivyo shamba litaandikwa kwa jina la mgeni." Na mwisho wa mstari, kwa kalamu ya pili, "kwa niaba, A." Utaratibu wa Mzee Kondo ulifanya kazi barabara. Ulimfuata mkosaji mpaka kwenye kiti chake na kumkuta amekaa.

Sasa hapa ndipo nataka msome polepole. Sikusema. Mratibu alipouliza, nilimjibu bado natafuta. Ubao wa Ijumaa ulikuwa pale pale ukumbini, wadogo zangu wawili nyumbani walikuwa wananitegemea mimi, na nililiona jina langu limekaa vizuri kabisa kwenye ile karatasi. Niliogopa. Niliona aibu pia, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Nilikaa hivyo siku tisa, nafungua programu naifunga, mtu akipita naandikaandika. Wafadhili walikuja, wakapigwa picha na kompyuta, wakaenda kula.

Siku ya tisa Bi Anastazia alirudi. Aliketi kwenye benchi la wageni, mikono mapajani.

"Wamekata," alisema. "Jana, watu walipotoka misa."

"Ipi, mama?"

"Yote."

Niliketi karibu naye, nikamwambia. Kwamba kosa si la kompyuta, ni langu, kwamba alichosema kibarazani kwake kiliandikwa vizuri na mimi ndiye niliyekifuta, na nilichobakiza badala yake ni faksi. Faksi ilibidi nimweleze ni kitu gani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umejua lini?"

"Siku tisa zilizopita."

"Siku tisa," akasema. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, kwa sababu matusi nilikuwa nimeyaandalia majibu. Akaniuliza tu kama naweza kuyasema hayo mbele ya baraza, na kama kitabu kile naweza kupanda nacho.

Nilipanda bila ruhusa. Baraza lilikaa kwenye darasa la shule ya msingi, sisi watu wazima tukiwa tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Leonsi alikuwepo na shati jipya, mnunuzi alikuwepo, nusu ya kijiji ilikuwa madirishani. Mwenyekiti, mzee mpole mwenye sauti ya chini, aliniuliza kama kompyuta yetu inaweza kujieleza.

"Haiwezi, mzee. Nitajieleza mimi."

Nikawasomea mstari wote, safu kwa safu: kilichosemwa, nani kasema, sababu gani. Kisha nikasoma nilichoandika kwenye programu, na nikasema herufi A ni mimi. Mwenyekiti akamgeukia Leonsi, akamwuliza kama alijua shamba ni la ukoo wa mkewe.

"Nilijua, mwenyekiti," Leonsi akajibu. "Lakini nimefika nakuta serikali imeniandika. Mimi nani nibishane na serikali?"

Madirishani walicheka, hata Bi Anastazia akaangalia chini asionekane anacheka. Baraza halikucheka. Likaamua shamba ni la ukoo, makubaliano ya Leonsi na mnunuzi yamekufa, na orodha ya mradi ibanduliwe ukutani mpaka irekebishwe. Mwenyekiti aliibandua mwenyewe, akanipa. Mnunuzi akaenda kutafuta kiwanja kwingine. Visiki havikuwa na pa kwenda.

Mratibu alinipa barua ya onyo, ndefu kuliko programu yenyewe. Sikupunguzwa. Nilipenda kuamini ni kwa sababu nilisema ukweli, lakini ukweli ni kwamba hakuna mwingine aliyejua kuitoa karatasi ikikwama kwenye printa. Nikatengeneza ukurasa wa pili. Kazi ya saa mbili na nusu. Nikarudisha ukoo wa mama, nikarudisha swali la Mzee Kondo, nikafuta faksi, na hakuna mtu aliyewahi kuiulizia. Orodha ilipochapwa upya, karatasi baada ya karatasi majina yalibadilika. Anastazia hakuwa peke yake, yeye ndiye tu aliyekuja.

Nilikwenda Bagamoyo kumweleza Mzee Kondo. Alikuwa anapanga nazi nyuma ya nyumba, kwa mafungu, kila fungu na kipande cha karatasi chenye namba. Nilimweleza yote, na siku tisa zile pia.

"Sahihi umezikata?" akauliza.

"Bado."

"Zikate zote. Kisha nenda kwa miguu yako."

Akaniagiza nimsaidie nazi.

Nikazikata zote thelathini na nane kwa wino mwekundu, nikaanza kuzunguka siku za Jumamosi. Nilikuwa nakwenda na karatasi zilizochapwa, nakaa na mtu, namwonyesha alichosema na mahali kilipo sasa. Nilijifunza humo mengi kuliko chuoni. Mzee mmoja aliniambia sicho alichosema, na kweli sicho, hata Mzee Kondo alikuwa amekosea. Mama mwingine alisema hakumbuki kuomba chochote, akatia sahihi ili niondoke. Saba walibadilisha mawazo na ikabidi nianze upya. Miezi mitano, nikawa na sahihi thelathini na saba za kweli.

Bi Anastazia nilimwacha wa mwisho, mnajua kwa nini. Alinipokea vizuri. Alikuwa amepika ndizi, akanitengea. Nikamtandazia karatasi kwenye mkeka. Alisoma taratibu, akifuata kwa kidole: shamba, ukoo, jina la mama yake, jina lake.

"Ni sawa," akasema. "Ndivyo nilivyosema."

Nikafungua kauntabuku, nikampa kalamu, nikamwonyesha safu ya mwisho. Badala ya kuandika alisoma kwanza maneno ya juu ya safu. Mzee Kondo alikuwa ameandika: "Nimepata nilichoomba."

Akafunika kalamu.

"Mimi niliomba liandikwe kabla mtu hajaja na msumeno," alisema. "Hicho sikukipata."

Akanirudishia kalamu, akaniambia nile, ndizi zinapoa. Nilikula. Nililia huku nakula, naye akaniongezea mchuzi.

Kwa miaka mingi baadaye nilikuwa napita kwake nikiwa na kazi upande ule. Aliniita mwanangu, akanifungia mdalasini wa kupeleka mjini, na hatukuligusa tena jambo la sahihi. Alifariki miaka kadhaa iliyopita. Nilikwenda kuzika.

Kauntabuku nimeiacha kwenye droo ya chini ya meza niliyowaachia, haina ufunguo. Kati ya mahitaji thelathini na nane ya mradi ule, thelathini na saba yamefungwa. Namba thelathini na moja ina safu sita zimejaa, ya saba ina sahihi yangu iliyokatwa kwa wino mwekundu na nafasi tupu pembeni yake. Siku moja mkaguzi ataikuta, maana wakaguzi hupenda kufungua droo za chini, na atawaambia kwamba hitaji hili lilitengenezwa, likajaribiwa, lakini mwenyewe hakukubali kwamba amelipata. Mwambieni ni kweli.